Kinyozi Aliyeruka kwa Mdomo

Habari ya kufa kwa ile kampuni ilimkuta kinyozi ameshika mashine, kichwa cha mteja kimefika katikati. Aliyeileta ni karani wa benki, ambaye alikuwa kwenye benchi akisubiri zamu yake na kusoma simu kwa sauti, maana alikuwa mtu asiyeweza kusoma kitu peke yake. Kampuni inayouza siku za kukumbukwa imefunga milango. Wote waliokwisha kulipia kupanda puto, kuendesha magari ya mashindano na kuogelea na pomboo wanaombwa wawe na subira.

"Masikini, watu wamelizwa," akasema fundi viatu, ambaye hakuwa na unywele hata mmoja wa kunyoa lakini alikuja kila siku kwa ajili ya mazungumzo. "Lakini wewe Rubani una bahati yako. Wewe uliwahi."

Mashine ikateleza. Mteja alipojitazama kwenye kioo aliona njia nyeupe imekatiza juu ya sikio lake, imenyooka vizuri kabisa, inaelekea kisogoni.

"Ndiyo mitindo ya sasa hiyo," kinyozi akamwambia. Na kwa kuwa anayesema ni Rubani, mtu aliyekwisha kuona dunia kutoka juu, mteja akaamini, akalipa.

Ukweli ni kwamba Rubani hakuwahi chochote. Mtaa mzima ulimwita jina hilo. Lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wake, pamoja na picha ya puto ambalo mchoraji alilifanya likafanana zaidi na kitunguu. Lakini mwenye jina hakuwa ameiacha ardhi hata kwa urefu wa kiganja, na hilo alilijua yeye na Mungu wake, au ndivyo alivyodhani.

Tuelewane kwanza kuhusu biashara yenyewe. Zamani mtu akitaka kumfurahisha mzazi wake alinunua kitu: shuka, redio, viatu. Kitu kinashikika, na kikiharibika unakirudisha dukani ukagombane na mtu mwenye sura. Siku hizi wamezuka wajanja waliogundua kwamba mtu unaweza kumuuzia siku. Unalipa leo, siku yenyewe inakuja baadaye, ikipenda. Wakati unasubiri, unapewa bahasha yenye utepe, na ndani karatasi nene inayong'aa iliyoandikwa kwamba maisha si vitu bali kumbukumbu. Aliyeyaandika maneno hayo bila shaka alikuwa na vitu vyake vya kutosha.

Bahasha ya kinyozi ilinunuliwa na binti yake, mtoto wake wa pekee, muuguzi wa wodi ya wanaume. Alifanya zamu za ziada mpaka miguu ikavimba, kisha akalipa kwa kadi yake ya benki. Siku ya kumkabidhi baba yake alishindwa kukaa kitini. Alizunguka sebuleni akipiga makofi kama mtoto mdogo.

"Baba, maisha yako yote umetazama visogo vya watu," alisema. "Mimi nataka siku moja utazame mbali."

Ungemwambia nini mtoto wa namna hiyo? Kinyozi alisema asante, akaomba maji ya kunywa.

Siku ya safari mtaa ulimsindikiza. Alivaa koti la harusi yake, ambalo sasa lilifunga kifungo kimoja tu. Alipofika kwenye uwanja wa nyasi nje ya mji, alilikuta puto limelala chini limenywea, na kando yake mfanyakazi wa kampuni anatazama kibendera kilichokuwa kinapigapiga juu ya fimbo. Upepo hauruhusu, mfanyakazi akasema. Haturuki leo. Lakini usiwe na wasiwasi, mzee wangu, hati yako bado ni halali, tutakupangia siku nyingine.

Basi ndiyo hivyo. Hakuna aibu yoyote hapo. Upepo haukuletwa na kinyozi. Mtu mwenye akili zake angerudi nyumbani akasema kulikuwa na upepo, habari ikaisha. Yeye alikwenda kukaa kwenye mgahawa karibu na kituo cha mabasi, akanywa chai mpaka jua likapita utosini, ndipo akarudi. Na mtu wa kwanza kumwona alikuwa muuza mboga wa pale kwenye kona, mama mwenye sauti inayofika kabla yake.

"Enhe! Hebu tuambie, huko juu kukoje?"

Kinyozi alifungua mdomo aseme upepo. Akawaona watu wamesimama, wameacha mizigo yao, wanamsubiri yeye. Mdomo ukasema: "Watu ni wadogo, mama. Watu ni wadogo sana."

Ikawa imetoka. Uongo mwingine unaweza kuurudisha kabla haujakauka, lakini huu ulipokelewa kwa vigelegele. Jioni binti yake alikuja na nguo zake za kazi, akataka kusikia kila kitu, naye akamsimulia: mto ulivyokuwa mwembamba, ndege waliopita chini ya miguu yake, na jinsi rubani wa puto alivyomwachia kamba ya kuongozea kwa muda kidogo kwa sababu alimwona ana mkono mtulivu. Binti alicheka, akalia, akacheka tena. Kinyozi alitamani sana siku hiyo iwe kweli.

Kampuni haikumsahau. Ilimpigia simu na kumpa siku nyingine, akasema ana mafua. Ikampigia tena, akasema amefiwa. Angefanyaje? Angeuaga vipi mtaa kwenda mahali alikokwisha kurudi?

Kumbe mtaa nao haukukaa bure. Muuza mboga alianza kusema kwamba siku ile alitazama juu akamwona. Baada ya wiki chache alikuwa amepungiwa mkono. Fundi viatu alidai kwamba ni Rubani aliyeligundua tundu la paa lake kutokea angani, ingawa tundu lenyewe ungeliona hata ukiwa umeketi ndani ya nyumba unaloa. Kila mtu alijikatia kipande chake cha safari ile. Biashara ya kunyoa ikastawi, kwa sababu watu walipenda kukabidhi vichwa vyao kwa mkono uliokwisha kuongoza puto.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka kampuni ilipokata roho. Na hata hapo kinyozi angeweza kunyamaza, aache siri yake izikwe pamoja na marehemu. Kilichomnyima usingizi kilisemwa na binti yake Jumapili iliyofuata walipokuwa wanakunywa chai.

Binti alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi wa chumba cha upasuaji. Aliiomba nafasi hiyo mara nyingi akanyimwa, sasa ameipata, na ada inatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Alikuwa amekopa huku na huku, na pengo lililobaki lilikuwa karibu sawa na bei ya lile puto.

"Nimesikia kampuni imekufa," alisema, akichovya mkate. "Waliokuwa hawajaruka wanahangaika. Mimi zile pesa ningekuwa nazo leo zingenifaa, sikufichi. Lakini sijuti, Baba. Wewe uliruka."

Mama yake, aliyekuwa anamimina chai, alimtazama mumewe juu ya birika, akaendelea kumimina.

Kuanzia Jumatatu kinyozi alianza kutafuta pesa za mwanawe kimyakimya. Namba ya kampuni ilipokelewa na sauti tamu ya mwanamke iliyosema simu yako ni muhimu kwetu, kisha ikakata. Akaenda kwa mfilisi, yaani yule mtu anayeletwa kugawa mabaki ya kampuni iliyokufa. Mfilisi alikuwa na ofisi nzuri kuliko yoyote aliyowahi kuwa nayo marehemu mwenyewe.

"Mpo wengi," mfilisi alimweleza kwa upole. "Kwanza tunakata sisi gharama zetu. Halafu serikali, kodi zake. Halafu wafanyakazi, benki, mwenye jengo, mwenye gesi. Halafu ninyi."

"Na sisi tutapata nini?"

"Mtapata barua."

Alirudi dukani amenyong'onyea. Siku hiyo karani wa benki alikuja kutengenezwa ndevu, na kinyozi alipohakikisha kwamba fundi viatu ametoka kidogo, akainama sikioni.

"Nina rafiki yangu," alisema. "Alinunuliwa hiyo safari ya puto na mtoto wake. Hajaruka. Anauliza atapataje pesa."

"Mtoto alilipa kwa kadi?"

"Kwa kadi."

"Basi amwache mfilisi na maiti wake. Mtoto aende kwenye benki yake, aombe malipo yarudishwe kwa sababu huduma haikutolewa. Benki inaweza kuzirudisha. Ila aliyelipa ndiye aombe, si mwingine. Na huyo rafiki yako aape kwa wakili kwamba hakuruka, awe na shahidi anayelijua jambo hilo. Na afanye haraka, mlango wa madai hauachwi wazi milele."

"Nitamwambia."

"Mwambie. Lakini Rubani, huyo rafiki yako mbona mjinga? Muda wote huo hajaruka anasubiri nini?"

"Ndivyo alivyo," kinyozi akasema, akamfunika uso kwa taulo ya moto.

Mpango wake ulikuwa mwepesi: ale kiapo kwa siri, kisha ampelekee binti makaratasi mwishoni mwa zamu, wakati macho yamechoka, atie sahihi bila kusoma. Ni mpango ambao ungemfaa mtu mwenye mtoto asiyejua kusoma. Alikwenda kwa wakili, ambaye naye alikuwa mteja wake.

Wakili alimsikiliza, akavua miwani.

"Mzee wangu, mimi umenisimulia safari ile mara ngapi? Ndege walipita chini ya miguu yako. Leo unataka niandike kwamba hukuruka? Kiapo cha uongo ni jela."

"Nilikuwa nadanganya, wakili."

"Wakati ule, au sasa?"

Swali hilo kinyozi hakulitegemea.

"Niletee mtu mzima mmoja anayejua kwa hakika kwamba hukuruka," wakili akasema. "Mmoja tu. Vinginevyo mtaa mzima utakuja kunishuhudia kinyume."

Ikabidi aseme. Kesho yake, duka likiwa limejaa, kinyozi alizima mashine na redio, akatangaza kwamba hakuwahi kupanda puto. Kulikuwa na upepo. Alikunywa chai kituoni akarudi. Mengine yote aliyatunga, na sasa wakili anataka shahidi wa hilo ili mwanawe arudishiwe pesa.

Fundi viatu akaanza kucheka kidogokidogo, bega linatikisika.

"Rubani bwana! Umesikia pesa zinarudishwa, sasa hukuruka."

"Nasema kweli."

"Na paa langu uliliona ukiwa wapi?"

"Nililiona nikiwa kwako! Nilikuwa nimekaa chini yake!"

Muuza mboga, aliyevutwa na kelele, alisimama mlangoni na mikono kiunoni. Alipoelezwa, alipandwa na hasira ya kweli.

"Kwa hiyo mimi muongo? Mimi niliyekuona kwa macho yangu haya? Ulinipungia mkono, nikakupungia! Mtu mzima na mvi zako, unataka kula pesa za kampuni iliyokwisha kufa. Huogopi?"

Karani wa benki peke yake alinyamaza. Alikuwa anamtazama kinyozi kama mtu aliyekutana ghafla na yule rafiki mjinga aliyesikia habari zake.

Mteja wa kwenye kiti alisema kwa heshima kwamba yeye atarudi siku nyingine, akaondoka na kitambaa shingoni. Wengine wakamfuata. Kwa mara ya kwanza tangu afungue duka, kinyozi alisema kweli tupu mbele za watu, na ikamfukuzia wateja.

Nyumbani alikaa jikoni bila kuwasha taa. Mkewe, aliyekwisha kuyasikia yote mtaani, alimkuta hapo. Alimwekea chakula, akamtazama anavyokizungusha kwenye sahani, mwishowe akasema, "Kesho nitakwenda na wewe kwa huyo wakili."

"Kufanya nini?"

"Si anataka mtu anayejua?"

Kesho yake walipofika, kinyozi alimkuta binti yake ameshakaa kwenye benchi la nje, na nguo za kazi, na mkoba mapajani. Mama mtu ndiye aliyemwita. Kinyozi alitaka kugeuka arudi alikotoka, lakini mkewe alikuwa amemshika mkono wa koti.

Wakili alimgeukia mama kwanza. "Mama, unajuaje kwamba mumeo hakuruka?"

"Mheshimiwa, nyumbani taa ikiungua ni mimi napanda kwenye stuli. Yeye anaishika stuli isiyumbe. Na anafumba macho."

Wakili alikohoa kuficha kicheko. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Alirudi tumbo limejaa chai. Mtu aliyeshuka angani hujisaidia mara ngapi?"

"Na hukusema kitu?"

"Niseme nini? Mdomo wake huo ndio ulionioa. Nimeuzoea."

Wakili akaandika, kisha akasoma kwa sauti, maana sheria inataka mwapaji asikie anachoapa. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi kamili, na safari ile alikuwa ameisikia kitini tangu mwanzo hadi mwisho, hakuacha kitu. Kwamba mwapaji hakupanda puto lililotajwa. Kwamba hakuuona mto ukiwa mwembamba. Kwamba hakuna ndege waliopita chini ya miguu yake. Kwamba hakukabidhiwa kamba ya kuongozea, kwa muda mfupi wala mrefu. Kwamba hakumpungia mkono muuza mboga wala mtu mwingine yeyote.

Kila lilipotajwa jambo, kinyozi aliitikia, "Kweli." Hakumtazama binti yake. Alisikia tu anavyopumua.

Alipomaliza kutia sahihi, binti alisimama akatoka nje. Kinyozi akamfuata mpaka kwenye ngazi.

"Nimewasimulia wagonjwa habari zako," binti akasema. "Wodi nzima, Baba. Wale wasiolala, nilikuwa nakaa nao nawaambia baba yangu aliona ndege kutoka juu. Mbona ulinifanya hivyo? Mbona hukusema tu kwamba unaogopa? Ningekununulia viatu!"

"Ungenisikia?"

"Ningekusikia!"

"Ulikuwa unapiga makofi, mwanangu. Ulikuwa umefanya kazi mpaka miguu imevimba, halafu unapiga makofi. Mimi nilishindwa."

Binti alifuta macho kwa kiganja. Alikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa halali yake. Alichukua kile kiapo, akakikunja ndani ya mkoba, akaenda benki bila kuaga.

Benki ilifanya kama benki zinavyofanya. Ilimpokea kwa tabasamu, ikamtaka arudi na nakala, ikapoteza nakala, ikaomba nakala ya nakala. Katika siku za mwisho wa mwezi pesa zikarudi kwenye kadi, ada ikalipwa. Binti alimpigia mama yake simu kumwambia. Baba hakupigiwa.

Dukani mambo yaligawanyika. Nusu ya mtaa ilisema Rubani ameapa uongo akala pesa za marehemu. Nusu nyingine ilisema ndiyo, ameapa uongo, na amefanya vizuri, kampuni zile zimezoea kuwaliza watu. Aliyeamini kwamba kweli hakuruka hakupatikana, ukimtoa karani wa benki, na yeye alikuwa mtu wa takwimu, hakuna aliyemsikiliza.

Kinyozi hakujali sana. Alikuwa anasubiri simu. Kila mlango uliposogea aligeuka, na zaidi ya mteja mmoja aliondoka na mitindo ya sasa ambayo hakuiagiza.

Ilikuwa asubuhi, binti ametoka zamu, alipoingia bila kubisha. Fundi viatu alikuwepo kama kawaida. Binti alimsalimia shikamoo, akapita moja kwa moja, akakaa kwenye kiti cha kunyolea, akainua miguu yake iliyovimba akaiweka juu ya chuma cha mbele.

"Haya, nisimulie," alisema kwenye kioo.

"Nikusimulie nini?"

"Ile siku. Ya kweli. Upepo ulikuwepo?"

"Ulikuwepo," kinyozi akasema. Kitambaa kilikuwa mkononi, hakujua akifanyie nini. "Lakini yule mfanyakazi aliposema haturuki, nilimshukuru Mungu kwa sauti. Miguu ilikuwa imekwisha. Ilibidi aniletee kiti."

Binti hakucheka, lakini kona ya mdomo ilisogea.

"Halafu?"

"Halafu nikamuuliza kama upepo unaweza kuendelea mwezi mzima."

"Halafu?"

"Nikaenda mgahawani. Mhudumu akaniuliza koti hilo la nini, nikasema naenda harusini. Kila alipopita aliniuliza bibi harusi bado hajafika? Mwishowe akanionea huruma, akaniletea mkate wa bure. Alidhani nimeachwa."

Fundi viatu alisimama, akajipangusa suruali. "Bwana, hii haina ladha," alisema. "Ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi." Akaenda zake kwa muuza mboga, ambako ile ya kwanza bado ilikuwa inapatikana.

Binti alikuwa ameegemeza kichwa nyuma, amefumba macho, na machozi yanamtiririka kuelekea masikioni kwa kicheko alichokuwa anakizuia.

"Usimsikilize huyo," alisema. "Mkate uliula?"